Kasese hadi Kisoro kwa ndege: jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda

Awe mfanyabiashara wa Mpondwe anayetaka kwenda kuona hali ya soko la Bunagana, awe muongoza watalii mwenye wageni wa gorila, awe mtu na harusi ya ndugu yake, swali ni lile lile: Kasese hadi Kisoro, miji miwili ya magharibi ya Uganda, ni mbali kiasi gani kwa ndege, na ni dakika ngapi? Jibu fupi ni kilomita 168, dakika 34 hewani. Jibu hilo ni sahihi. Ila ukilitegemea peke yake, dereva atakusubiri juani bure huko Kisoro, na ukienda nalo kukodi ndege utatajiwa bei ambayo ni mara nne ya ile uliyokadiria.

Kilomita 168 ni umbali wa ramani. Kuna umbali mwingine ambao ndege itaupita kweli, na mwingine tena ambao wewe utaulipia. Muda nao ni hivyo hivyo. Chukua kalamu na karatasi tuzipige hesabu zote, kwa sababu ukishaweza hizi utaweza za Soroti na Moroto, au za viwanja vingine vyovyote viwili nchini.

Hatua ya 1: Hakikisha umeshika kiwanja chenyewe

Vikokotoo vya umbali vimejaa intaneti. Unaandika jina, kinakupa namba, na makosa mengi huanzia hapo hapo. Majina hufanana, kwa hiyo tumia herufi nne za kimataifa za kiwanja. Za Uganda zote huanza na HU: Entebbe ni HUEN, Kasese ni HUKS, Kisoro ni HUKI. Za Kenya huanza na HK, na Kisumu ni HKKI. Sasa tazama HUKI na HKKI. Herufi moja tu, na kidole kinateleza. Kikokotoo kikikuambia kutoka Kasese ni kilomita 515 hivi, funga uanze upya, maana umejipeleka pwani ya Ziwa Viktoria, upande wa Kenya.

Hatua ya 2: Andika mahali pa kila kiwanja

Kasese kipo digrii 0 dakika 11 Kaskazini, digrii 30 dakika 06 Mashariki. Kisoro kipo digrii 1 dakika 17 Kusini, digrii 29 dakika 43 Mashariki.

Soma tena maneno Kaskazini na Kusini. Viwanja hivi vimetenganishwa na ikweta. Aliyewahi kushuka kutoka Kasese kuelekea Katunguru anaijua, pale Kikorongo penye mduara wa saruji ambapo wageni husimama kupiga picha, mguu mmoja huku na mwingine kule. Kwa kuwa kimoja kiko juu ya mstari na kingine chini yake, hapa unajumlisha, hutoi:

Kaskazini–kusini: dakika 11 za Kasese, ongeza dakika 77 za Kisoro (digrii 1 ni dakika 60, ukiweka na zile 17), unapata 88.

Mashariki–magharibi: vyote viko Mashariki, kwa hiyo hapa ndipo unapotoa. Digrii 30 dakika 06, toa digrii 29 dakika 43, zinabaki dakika 23.

Mtu akighafilika na ile herufi ya Kusini akatoa 11 kwenye 77, atabaki na 66, na mwisho wa hesabu atapata kilomita 129. Namba hiyo haishtui mtu, inaonekana ya kweli kabisa, na ndiyo hatari yake: kilomita karibu 40 zimepotea na hakuna aliyeona. Wanaotumia programu za simu wajue kuwa huko Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa mbele ya namba. Ukisahau kialama hicho, kosa ni hilo hilo.

Hatua ya 3: Pata umbali wa ramani

Hapa wakazi wa ikweta tuna bahati. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, ambayo ni kilomita 1.852. Dakika ya longitudo kwa kawaida huwa fupi zaidi kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia, kwa hiyo watu wa Ulaya hawana budi kuirekebisha. Sisi hapa, nusu digrii tu kutoka ikweta, dakika ya longitudo na ya latitudo zinalingana kwa hesabu yoyote ya karatasi. Kwa hiyo tayari una pembetatu mraba yenye upande mmoja wa maili 88 na mwingine wa maili 23, na kanuni ya Pythagoras uliyofundishwa shuleni inatosha:

88 mara 88 ni 7,744.
23 mara 23 ni 529.
Jumla 8,273.
Kipeuo chake cha pili ni 91 kasoro kidogo.

Maili 91 za baharini mara 1.852 ni kilomita 168 na nusu. Mwelekeo ni kusini, ukiinama kidogo magharibi, karibu digrii 195 kwenye dira. Duara la dunia halina la kutuongezea katika safari fupi namna hii, basi tusipoteze muda nalo.

Hatua ya 4: Geuza umbali uwe muda

Gawa maili kwa kasi ya ndege, zidisha kwa 60, zinatoka dakika. Ugumu uko kwenye kujua kasi ya kuweka.

Ndege utakayoiona sana kwenye viwanja vya aina hii Uganda ni Cessna 208B Grand Caravan, yenye injini moja, mabawa juu, na magurudumu yasiyokunjwa. Ikishatulia angani hukata karibu noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, au kilomita 296. Gawa 91 kwa 160, zidisha kwa 60: dakika 34.

Hizo 34 ni za ndege ambayo tayari iko juu na haijaanza kushuka. Kuna kupanda kwanza, na ndege inayopanda haikimbii: dakika kama kumi za mwanzo itakuwa kwenye noti 110 hivi, na hapo unaongeza dakika tatu. Kuna kutembea ardhini hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kuzunguka juu ya kiwanja cha Kisoro rubani akitazama upepo unatoka wapi na kama njia iko wazi, kuna kusogea hadi mahali pa kuegesha. Weka dakika tano hadi nane kwa hayo yote. Toka mlango unafungwa Kasese hadi unafunguliwa Kisoro, panga dakika 45.

Upepo unaweza kukubadilishia kidogo. Ukivuma noti 20 usoni, ndege inabaki na noti 140 juu ya ardhi na zile 34 zinakuwa 39. Ukivuma noti 20 mgongoni, zinakuwa 30 na ushei. Kwa safari fupi hivi upepo hauvurugi ratiba ya mtu. Mawingu ndiyo huvuruga.

Hatua ya 5: Tazama kilicho chini ya mstari

Hii ndiyo hatua inayorukwa na vikokotoo vyote, na kwenye viwanja vya milimani ndiyo yenye uzito kuliko nyingine.

Chora mstari wako kwenye ramani. Unatoka Kasese, mita 959 juu ya usawa wa bahari, ambayo ni futi 3,146. Magharibi yako kuna ukuta wa Rwenzori, na kilele cha Margherita kimefika mita 5,109. Huo hatuupandi. Mstari unaelekea kusini kwenye bonde, unavuka mfereji wa Kazinga karibu na Katunguru, unapita ukingo wa hifadhi ya Queen Elizabeth huku Ziwa Edward likiwa kulia. Hapo chini ni tambarare, na abiria wa dirishani anafurahi. Kisha ardhi inaanza kuinuka: vilima vya Rukungiri na Kanungu, halafu msitu wa Bwindi, ambao mstari wetu unaukata upande wa Ruhija. Sehemu ya juu kabisa ya Bwindi ni mita 2,607, au futi 8,553. Ukishaivuka, mbele yako wamesimama Muhabura wa mita 4,127, Gahinga wa mita 3,474 na Sabinyo, na chini yao kiko kiwanja cha Kisoro, futi 6,200, karibu mita 1,890.

Sasa weka kanuni ya kimataifa ya ndege zinazoruka kwa kuona, yaani rubani hujiongoza kwa macho yake, nje ya mawingu. Zinazoelekea upande wa magharibi wa dira, toka digrii 180 hadi 359, hushika maelfu ya futi yanayogawanyika kwa mbili na kuongeza 500: 6,500, 8,500, 10,500. Yetu inaelekea 195. Futi 8,500 haifai, kwa sababu msitu wenyewe umefika 8,553. Ngazi inayofuata ni 10,500, ambayo ni mita 3,200. Kwa hiyo kwa safari ya dakika 34 ndege inatoka futi 3,146, inapanda zaidi ya 7,000, inatulia kidogo, kisha inashuka futi 4,300 ili itue. Karibu nusu ya safari ni kupanda na kushuka. Ndiyo maana zile dakika 34 hazitimii hata siku ya anga safi.

Kurudi, ndege inashika ngazi za upande wa pili, 9,500 au 11,500, na 9,500 inapita juu ya kilele kile kwa futi 950 tu. Chaguo hilo ni la rubani, na hutegemea mawingu ya siku hiyo.

Caravan haijazwi hewa ndani kama ndege kubwa, kwa hiyo urefu huo mwili utausikia. Masikio yanaziba, mtoto atalia: mpe cha kutafuna au cha kunyonya wakati wa kushuka. Mwenye shida ya moyo au mapafu azungumze na daktari wake kabla ya kulipa.

Je, mawingu yakiwa yameikalia Bwindi? Rubani anayeruka kwa kuona haingii humo. Magharibi ni anga ya Kongo, mbele ya Kisoro ni ya Rwanda, na huko huingii bila kibali. Njia inayobaki ni mashariki, kupitia juu ya Kabale. Piga hesabu kama tulivyofanya: Kasese hadi Kabale ni karibu maili 86, Kabale hadi Kisoro ni 16, jumla 102, au kilomita 189. Zimeongezeka maili 11, dakika nne. Watu wengi huogopa kusikia kwamba ndege itazunguka, na kumbe kuzunguka kunagharimu dakika chache tu. Kinachogharimu ni kukaa chini Kasese saa mbili mkisubiri ukungu wa Kisoro uinuke.

Hatua ya 6: Pima na hewa yenyewe

Hewa ya juu ni nyepesi, na joto huizidisha wepesi. Injini, rafadha na mabawa vyote hula hewa hiyo hiyo, kwa hiyo ndege huhisi iko juu kuliko ilipo. Marubani wana hesabu yake, na abiria akiijua ataacha kugombana na watu wa kaunta.

Kipimo cha kimataifa kinasema usawa wa bahari una nyuzi 15, na kila futi 1,000 zinapunguza nyuzi 2. Kwa futi 6,200 za Kisoro, joto la kipimo ni nyuzi 2.6. Mchana wa Kisoro unaweza kufika nyuzi 23. Tofauti ni 20 na kidogo. Kila nyuzi moja ya ziada huhesabiwa futi 120, kwa hiyo unaongeza futi 2,450 hivi. Ndege iliyo Kisoro mchana huo inahisi iko futi 8,650, juu kuliko kilele cha Bwindi. Asubuhi ya nyuzi 12, hesabu hiyo hiyo inatoa futi 7,300 na kitu. Kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, kiwanja ni kama kimepanda futi 1,300 bila kusogea.

Kasese nako joto si mchezo. Mchana wa nyuzi 32, ndege inahisi iko futi 5,900 hivi, na huku kiwanja kiko 3,146.

Maana yake kwako: ndege inahitaji njia ndefu zaidi kunyanyuka na inapanda polepole zaidi. Njia ya kurukia hairefuki, kwa hiyo kitakachopunguzwa ni uzito. Ndiyo sababu safari inayoondoka Kisoro mchana inaweza kukataa begi ambalo asubuhi lingepita.

Hatua ya 7: Uzito wako ni sehemu ya hesabu

Mashirika mengi yanayotumia Caravan hapa huweka kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, na hutaka begi laini linalokunjika, maana sehemu ya mizigo ni ndogo na sanduku gumu halipindi. Nawe pia utapimwa. Mzee mmoja alifika kwenye mizani na mifuko miwili, akaiweka, akasogea pembeni. Kijana wa mizani akamwambia, "Mzee, na wewe panda." Akashangaa: "Mimi nami ni mzigo?" "Ssebo, kwa ndege hii hata rubani ni mzigo." Alicheka, akapanda, na mfuko mmoja wa kahawa ukabaki ukaja na basi.

Kama una samaki wa Katunguru wa kuwapelekea watu, au kahawa ya mlimani, ipe basi mapema siku ya nyuma. Usijaribu kubembeleza siku ya safari.

Hatua ya 8: Uliza ndege inapitia wapi

Mpaka hapa tumehesabu kama kwamba ndege inatoka Kasese ikatua Kisoro. Safari za ratiba za viwanja vidogo vya Uganda nyingi huanzia Entebbe na hufanya kama taksi (daladala) za kituo cha Kampala: hushusha hapa, hupakia pale, na mpangilio wa vituo hutegemea nani amekata tiketi siku hiyo. Unaweza kukuta mnapitia Kihihi kwanza. Kila kituo cha ziada, hesabu dakika 20 za kushuka, kupakia na kupanda tena, ukiacha umbali wenyewe.

Ukiambiwa urudi Entebbe ndipo uunganishe, tazama namba kabla ya kukubali. Kasese hadi Entebbe ni maili 141, kilomita 261. Entebbe hadi Kisoro ni maili 182, kilomita 337. Jumla kilomita 598 ili ufike mahali palipo kilomita 168. Hewani pekee ni saa mbili, na muda wa kusubiri katikati unaweza kula siku.

Kukodi ndege ndiko kunakowashangaza watu zaidi. Unakodi ndege kwa saa inazoruka, na ndege hailali Kasese. Inatoka Entebbe au Kajjansi ikiwa tupu, inakuchukua, inakupeleka, inarudi tupu. Weka hesabu: 141 za kuja, 91 za kwenu, 182 za kurudi, jumla maili 414. Kwa noti 160 ni saa 2 na dakika 35, na ukiongeza kupanda na kushuka mara tatu, ni karibu saa 3. Hizo ndizo utakazolipia. Kwa hiyo unapoomba bei, usiulize "Kasese–Kisoro ni kiasi gani?" Uliza: "Bei hii imehesabu saa ngapi za kuruka, na kuna ndege yenu yoyote itakayokuwa upande wa magharibi siku hiyo?" Ikiwepo, hesabu hubadilika kabisa, na hapo ndipo mahali pa kupatana. Mkiwa kikundi, gawanyeni kwa idadi ya viti, lakini rudini kwanza kwenye hatua ya 6 na ya 7, kwa sababu viti vyote vinaweza visijazwe wakati wa kuondoka Kisoro.

Hatua ya 9: Chagua saa na msimu

Asubuhi. Sina ushauri mwingine. Viwanja hivi ni vya mchana. Hakuna kutua gizani. Jua upande huu wa nchi huchomoza karibu saa moja asubuhi, kwa sababu saa ya Uganda hufuata mstari ulio mashariki yetu, na Kisoro iko magharibi ya mstari huo kwa digrii 15. Utosini hufika karibu saa saba mchana.

Mapema mno nako kuna shida: ukungu hulala kwenye mabonde ya Kisoro na juu ya Bwindi hadi jua liupashe. Alasiri mawingu makubwa hujenga juu ya milima, na miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hujenga mapema zaidi. Dirisha zuri ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ukipewa safari ya saa tisa alasiri mwezi wa Aprili, ipokee ukijua kuwa huenda ukalala Kasese.

Wenye kibali cha gorila wasikie hili vizuri. Kibali kina tarehe yake, na wageni hukusanywa kituoni kupewa maelezo karibu saa mbili asubuhi. Ndege ya asubuhi ile ile haikuwahishi, hata kama hesabu ya karatasi inaonyesha inakuwahisha. Kutoka Kisoro hadi Nkuringo, penye gorila wa Bwindi, bado una saa moja na nusu hivi ya gari kwenye barabara ya kona. Fika siku moja kabla.

Hatua ya 10: Kubalianeni ni saa ipi

Umbali umepatikana, muda umepatikana, na bado mtu anakosa ndege kwa sababu ya saa. Kwenye safari hii zinakutana saa nne tofauti.

Ya kwanza ni yetu ya Kiswahili, na Waganda nao huhesabu hivyo: saa mbili asubuhi. Ya pili ni ya tiketi: 08:00. Ya tatu ni ya marubani na waongoza ndege, ambao dunia nzima hutumia saa ile ile ya kimataifa (UTC), na kwao wakati huo huo ni 05:00. Ukiona namba hiyo kwenye karatasi ya safari, ongeza tatu kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Ya nne ndiyo mbaya. Rwanda na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kisoro iko karibu mno na mipaka yote miwili, Cyanika na Bunagana, na simu iliyoachiwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mnara wa ng'ambo inarudi nyuma saa nzima bila kukuuliza. Unaamka, simu inasema 07:00, unaagiza chai, na kiwanjani ni 08:00. Ukifika Kisoro zima mpangilio wa saa wa kujiendesha, weka saa ya Kampala kwa mkono. Anayekuja kutoka Kigali kwa gari kupitia Cyanika afanye hivyo akiwa bado mpakani.

Hatua ya 11: Jumlisha mlango hadi mlango, kisha linganisha na barabara

Kutoka mjini Kasese hadi kiwanjani kwa boda boda ni dakika chache. Kufika kabla ya safari, saa moja. Ndege, dakika 45. Kushusha mizigo na kuingia Kisoro mjini, nusu saa. Jumla ni saa mbili na robo hadi mbili na nusu, ndege ikienda moja kwa moja na ukungu ukikubali.

Barabara, kwa Katunguru, Ishaka, Ntungamo na Kabale, ni karibu kilomita 300, na mtu mwenye gari zuri huhesabu saa sita hadi saba. Lami ya Kabale–Kisoro imerahisisha mengi, ingawa kona za Kanaba bado ni zile zile, na atakayetapika atatapika. Kwa mtu mmoja mwenye mzigo wa biashara, barabara inashinda bila ubishi. Ndege ina maana kwa kikundi kinachogawana gharama, kwa mgonjwa, na kwa mtalii ambaye siku zake zinahesabika na aliyeupata mzunguko unaopita viwanja vyote viwili.

Kabla ya kupanda, mwandikie dereva wa Kisoro ujumbe mmoja ulionyooka. Usimtumie dakika 34. Mwandikie hivi: "Ndege inatoka Kasese saa tatu asubuhi (09:00 saa ya Uganda), inatua Kisoro karibu saa nne kasorobo. Kama Muhabura haonekani kwa mawingu, nipigie saa mbili na nusu nikiwa bado chini."